Keki Nzito za Bi Krimu

Siku ya kwanza kumwona, aliingia karakana yangu akiwa na unga kwenye nyusi. Mimi ni fundi bati. Natengeneza ndoo, mabeseni na mifereji ya kuvunia maji ya mvua. Siku hiyo nilikuwa nalehemu kitako cha ndoo, nami sikuinua uso, maana nikisemeshwa na mwanamke nisiyemjua ulimi hugeuka kipande cha bati.

"Fundi, nataka bati la kuokea keki. La mviringo, kina chake hivi," alisema, akinipimia kwa vidole. "Lakini kitako kiwe kinene."

"Keki haitaki kitako kinene," nikaiambia ndoo.

"Yangu ni ya nyama."

Hapo nikainua uso.

Kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi walimwita Bi Krimu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipamba keki za harusi. Alikuwa mjane, akiishi na binti yake wa miaka minane na baba yake mzazi. Huyo baba alikuwa ameendesha lori miaka thelathini, na kila kituo alichosimama alikula kitu kitamu. Mwishowe ugonjwa wa sukari ukampata. Mguuni alikuwa na kidonda kisichotaka kupona, na daktari alikuwa amesema wazi: sukari ikipanda tena, mguu huo utakatwa.

Mzee alitii, lakini akanuna. "Kama keki imeondoka, mimi mezani nafuata nini?" Sahani yake ikawa inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Mkanda wake ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Tundu la tatu ndilo lililomleta binti yake kwangu.

Nilipeleka bati lile jioni ya siku ya pili, nikaambiwa nikae. Nikakaa ukingoni mwa kiti. Bi Krimu alikuwa ameshindilia nyama ya kusaga ndani ya bati jingine, akaioka, akaipindua sahanini, kisha akaipaka viazi vya kuponda na kuvilainisha kwa kisu mpaka vikang'aa. Akakamua maua kwa mfuko wake wa kupambia krimu, viazi vingine akivitia maji ya bitiruti viwe vya rangi ya waridi. Juu kabisa, nyanya moja ndogo.

Mzee alipoiona macho yakamtoka. "Daktari ameruhusu?"

"Kata, Baba."

Akakata. Mvuke wa nyama ukapanda. Aliitazama sahani, akamtazama binti yake, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Mtundu wewe! Umeniweza!" Akala vipande viwili na kuomba mchuzi.

Tangu hapo kila jioni ilikuwa na hila yake. Viazi vya kuponda, kwa kipimo cha daktari, vilichotwa mviringo, vikatiwa kwenye glasi na kumwagiwa mchuzi mzito, ungeapa ni aiskrimu. Samaki waliopondwa na kukaangwa walipangwa kama biskuti. Mzee naye akabuni mbwembwe zake: chochote kilicholetwa alikimwagia mchuzi kabla ya kuonja, aonyeshe kwamba hadanganyiki. "Dereva mzee hapotei njia mara mbili," alisema.

Mimi nilikuwa nafika na mabati. La nyota, la samaki, la kikombe. Hakuna aliyeyaagiza. Kila mara yalikamilika saa ya chakula cha jioni.

"Mjomba," yule mtoto aliniuliza siku moja, "hili bati si ulilichukua juzi kuliziba?"

"Lilikuwa linavuja."

"Keki inavuja nini?"

Mama yake akageukia jiko upesi, mabega yakimtikisika.

Ilipofika siku ya kuzaliwa ya mtoto, aliomba keki ya kweli, isiyo na utani, awape rafiki zake. Bi Krimu akaoka mbili ndani ya mabati yangu mawili yaliyolingana. Ya mtoto ilikuwa ya kakao. Ya Mzee ilikuwa nyama, kama kawaida. Lakini utani ulishamwingia kwenye damu: akazipamba zifanane kabisa, maua kwa maua, nyanya kwa nyanya, ili rafiki za mtoto wabishane ipi ni ipi. Ya mezani jikoni ni ya watoto, akasema, ya kabatini ni ya Baba.

Sebule ilijaa. Bi Krimu alikuwa nje akiwaosha watoto mikono. "Fundi," aliita kutoka uani, "mpelekee Baba ile ya kabatini!"

Niliichukua, nikaiweka mbele ya Mzee. Mkono wangu ukashtuka. Miaka ishirini nimenyanyua vitu vya bati vitupu na vilivyojaa, mkono unajua uzito. Ile ilikuwa nyepesi. Nilisimama pale na watu wazima kumi wakinitazama, midomo ikawa mizito. Mzee alishakata. Kakao ina rangi ya nyama iliyoiva, na macho yake hayakuwa tena ya udereva. Akamwaga mchuzi. Akachoma kwa uma.

"Mzee, usile! Hiyo ni keki!"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Eti keki!" Mzee akapiga meza. "Sikieni fundi wetu! Miezi minane kimya, leo kajifunza utani!" Akanyanyua uma.

Sikujua nifanye nini, nikaukamata mkono wake na kukila kile kipande mimi. Kicheko kikakatika. Nilitafuna taratibu, kwa kuwa haikuwa rahisi.

"Ni keki," nikasema. "Na mchuzi wa vitunguu."

Bi Krimu alikuwa amefika mlangoni. Alichovya kidole sahanini, akaonja, akaketi sakafuni pale pale. Mtoto akaanza kulia: yeye ndiye aliyezibadilisha, aliogopa vidole vya rafiki zake, akaipandisha yake kabatini na kuishusha ya babu mezani.

Mzee aliisukuma sahani kando. "Basi dereva nimepotea njia," akasema. Kisha: "Ya kwangu iko wapi? Jamani, njaa inaniuma."

Yule aliyekuwa akirudisha sahani!

Baadaye nilisaidia kuosha vyombo. "Kumbe una sauti, Fundi," Bi Krimu alisema.

"Ninayo moja tu."

"Usiimalize."

Nilipokwenda kuposa, Mzee alisema alidhani nimekuja kuziba bati. Kidonda chake kimepona, na mkanda umerudi tundu la zamani. Mimi siku hizi naweza kuongea na watu watatu kwa wakati mmoja, wanne kama mmoja ni mtoto.

Leo alfajiri mke wangu alijifunga kitambaa chake cha kazi. Mezani aliacha kitu cha waridi kilichofunikwa kwa bakuli, cha mchana. Nilikinyanyua kidogo nipime uzito, naye akaniona.

"Hiyo nimeijazia mboga, nyepesi kama keki, mkono wako hautakusaidia," alisema akifungua mlango. "Baba akiamka muikate nusu kwa nusu. Na wewe, Fundi, onja kwanza, ndipo amwage mchuzi."