Karata Tulizoziacha Nje ya Hesabu

Kaka yangu alihamia kwangu Igogo akiwa na chuma ndani ya paja. Aligongwa na bodaboda, wakamfunga chuma, na zaidi ya mwaka ukapita mfupa haujaunga. Daktari alitaka apasuliwe tena, atolewe chuma kile, awekwe kingine. Kaka alikataa. Kila siku nilimwambia akubali, atapona tu, na kila siku alinijibu, "Paja ni lako?"

Mchana tulicheza gemu. Mwanangu alipokwenda chuo aliacha mashine yake, na ndani kulikuwa na gemu ya wachunga ng'ombe wa Kizungu wenye bastola. Kaka amekulia nyuma ya ng'ombe wa baba, kwa hiyo uchungaji wao ulimuudhi. "Ng'ombe anapigiwa kelele hivyo? Hawa hawajawahi kukamua." Alichokipenda ni meza ya karata iliyomo kwenye baa yao. Mchezo wenyewe wanauita blakijeki. Unapewa karata mbili, unaweza kuongeza moja moja, kati yako na mgawaji, anayekaribia zaidi ishirini na moja ndiye mshindi, lakini ukizidi hapo umeungua. Hela ni za humo humo kwenye gemu, hazinunui hata karanga.

Shule niliishia darasa la saba, ila kijiweni wananiita fundi wa karata. Basi nikajifanya mwalimu. Nilimwambia asicheze kwa moyo, acheze kwa hesabu: kabla ya kuongeza, jiulize ni karata ngapi zinaweza kukuunguza.

"Una kumi na nne," nikasema. "Zinazokuunguza ni zenye picha tu, maana kila moja ni kumi: kumi na mbili kati ya arobaini. Ongeza."

Akaongeza, akaungua. Akaongeza tena mchezo uliofuata, akaungua. Nikamwambia ni bahati mbaya, hesabu iko sawa. Mara ya tatu ikaja tisa juu ya kumi na nne. Kaka akaweka padi ya kuchezea chini.

"Bwana mdogo, hii tisa imetoka wapi? Kwenye hesabu yako haimo."

Ndipo nilipoona. Kijiweni tunacheza sitini na moja, na kwa mchezo huo nane, tisa na kumi hutolewa kabla ya kuchanganya. Nimecheza hivyo tangu ujana, mpaka kichwani mwangu karata zote ni hizo arobaini. Nilikuwa nahesabu karata za Wazungu kama zetu. Kaka alicheka mpaka akashika paja. "Fundi! Fundi wa karata pungufu!"

Kisha akaacha kucheka. "Na za hospitali, umetoa zipi?"

Nikaokota padi, nikamrudishia.

Tulihesabu upya, pamoja. Zinazounguza kumi na nne ni ishirini na nne kati ya hamsini na mbili, karibu nusu. Na kama karata ya mgawaji iliyo wazi ni tano, afadhali ubaki bila kuongeza, umwache aungue mwenyewe, maana yeye analazimika kuongeza mpaka afike kumi na saba. Tukabaki, akaungua. Tukabaki tena, akafikisha ishirini, akatupiga. Nilidhani kaka atanisema. Akasema, "Hapo tumecheza sawa. Imekataa tu."

Wiki hiyo hiyo aliniomba nimsindikize hospitali. Sikumshawishi, hilo naandika kwa uhakika. Daktari ni binti wa umri wa mwanangu. "Shikamooni," akasema.

"Marahaba. Daktari, usinichagulie ya kuniambia. Niwekee zote mezani."

Akaziweka. Kidonda kinaweza kuingia wadudu. Mfupa unaweza kukataa tena. Wengi huunga. Nilijisikia vibaya, kwa sababu mimi nilikuwa nimempa ile ya mwisho tu, tena nikaikuza. Lakini na yeye kulikuwa na kitu hajawahi kukiuliza, nikaona si haki nikinyamaza.

"Na akibaki hivi hivi?"

Daktari akasema chuma kile kiliwekwa kuusaidia mfupa wakati unaunga. Sasa kinambeba peke yake, na chuma nacho huchoka. Siku kikikatikia ndani, upasuaji utakuwa mgumu kuliko huu.

Kaka akaniangalia. "Hiyo niliitoa mimi."

Palepale akauliza aje lini.

Sidai kwamba gemu ndiyo iliyomfanya akubali. Huenda ni maumivu, huenda ni yule binti alivyosema bila kumficha, huenda alikuwa amechoka kulala sebuleni kwangu. Nilipomuuliza alisema, "Mbona unapenda sana kujua?" Na kweli, napenda. Siku ya upasuaji, kabla hawajamsukuma ndani, nilitaka kusema utapona. Nikasema, "Wengi wanaunga, kaka." Akatikisa kichwa kukubali.

Sasa anatembea kwa gongo moja. Kwenye picha ya mwisho daktari alionyesha kwa kalamu mahali mfupa ulipoanza kushikana. Majirani wanauliza kama amepona. Mimi nawaambia alichosema daktari: mfupa umeanza.