Angalikufa Si Amekufa

Nakumbuka siku moja nilirudi kwetu Mnyambe nikakuta wanawake wamekaa chini uani, kanga kichwani, wananililia mimi. Jirani mmoja aliponiona alitupa sufuria akakimbia. Nikauliza, "Zuhura wangu yuko wapi?" Wengine nao wakainuka kukimbia.

Zuhura ni binti yangu, wakati huo ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Ilikuwa hivi, mwanangu. Nilikuwa naokota korosho, nyoka kifutu akaniuma mguu. Wakanipakia kwenye lori mpaka hospitali Masasi, nikawahiwa, Mungu awalipe. Dereva, mtu wa Tanga, Kiswahili chake kimepigwa pasi, aliporudi akapita kwa mjomba wangu Nandonde kutoa habari. Hata gari hakuzima. Akapaza sauti: "Tungalichelewa kidogo tu, angalikufa!" Huyo akaenda zake.

Sisi huku Kiswahili tumekikuta shuleni, na shule yenyewe wengine tuliichungulia tu. Nyumbani ni Kimakonde. Katika maneno yote yale mjomba akashika "kufa". Akatangaza msiba. Akaamua Zuhura avushwe Ruvuma, akalelewe na ndugu zetu Msumbiji.

Bibi yangu, mama yake huyo huyo mjomba, akamfunga mtoto mgongoni akagoma.

"Kasema angali! Angali si bado yupo?"

"Mama, dereva kasema kufa."

"Basi kamzikeni dereva. Mimi namngoja mwenye angali."

Siku ile niliporudi nilimkuta bibi nyuma ya nyumba, anapepeta mtama. Hakushtuka. "Chukua mtoto wako," akaniambia, "mgongo unaniuma."

Bibi naye hakuelewa sawasawa, nasema kweli. Lakini yeye alikosea akielekea kwenye uhai. Asingalikosea vile, Zuhura angalikulia ng'ambo akiambiwa mama yako alishazikwa. Kila nikimwona Zuhura na wanawe nasema alhamdulillahi, na bibi Mola amlaze pema.

Sasa shika hili, mwanangu. Mtu akikuambia tungalichelewa, ujue hawakuchelewa. Akisema angalikufa, mgonjwa hakufa. Ni jambo lililopita kando likakuacha salama; ukilisikia, shukuru, usianze kulia. Usidake mkia wa maneno ukaacha kichwa. Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema, na habari ya kifo iulize tena hata kama aliyeileta ni fundi wa lugha. Mungu akupe sikio lenye subira, na akupe mtu wa kukungoja wengine wakishakata tamaa.

Na wewe mjomba Nandonde, shikamoo. Miaka yote hii unalisimulia jambo hili vijiweni kama kichekesho, watu wanashika mbavu. Mimi sijacheka. Dereva alisimama mlangoni pako, ungalimuuliza, angalikujibu. Kwa nini hukuuliza? Zuhura ni mtu mzima sasa, na swali hilo ananiuliza mimi. Njoo umjibu mwenyewe.