Mipapai Mitatu ya Kalama

Masila alifia machimboni Lukenya, na matanga hayajaisha, nduguye Muindi akamwambia mjane afunge virago.

"Miaka tisa hujaleta mtoto hata mmoja," alimwambia Kasyoka mbele ya waombolezaji. "Mti usiozaa hatuwekei shamba."

Kasyoka alikwenda kufunga virago. Shamba lile la Kalama lilikuwa la mawe, halikubali mahindi. Yeye ndiye aliyepanda mipapai arobaini, akainywesha maji aliyobeba mgongoni kutoka mtoni.

Siku ya kuondoka alimkuta Muindi akizungukazunguka na panga, mwenye mali mpya. Alikuwa amesimama chini ya mipapai mitatu iliyoning'iniza maua membamba kwenye vikonyo virefu.

"Shemeji, na hii? Iko na maua mwaka mzima, papai hakuna."

Kasyoka aliacha shule darasa la nane, lakini somo la ua lilimkaa. Mpapai jike hutoa ua nono lililobana shina, ndani yake ovari kama kiyai. Ovari hiyo haiwi tunda mpaka wadudu au upepo uiletee chavua kutoka ua la dume. Madume ya shamba zima yalikuwa yale matatu, na jirani hakuna aliyepanda mipapai.

"Kata," alisema. "Inakunywa maji bure."

Panga lilianza kulia kabla hajafika langoni. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Kasyoka alisikia njaa.

Alirudi kwa mamake Mitaboni, akapanda mipapai mipya, dume na jike. Habari za Kalama zilimfikia sokoni. Mapapai ya zamani yaliiva yakaisha. Maua mapya yalifunguka, yakanyauka, yakadondoka. Muindi alimwaga samadi, akapuliza dawa, akaleta mchungaji aliombee shamba. Kasyoka aliposikia la mchungaji alicheka mpaka mamake akamkemea.

Mwaka uliofuata Muindi akaja mwenyewe, mabega yameshuka.

"Shemeji, nimelogwa?"

"Hujalogwa. Ulikata madume. Bila chavua yao utaokota maua mpaka uzeeke."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Muindi alimtukana, akaenda zake. Baada ya wiki tatu alirudi kuomba maua ya dume.

"Ita ukoo," Kasyoka alisema. "Uyameze yale maneno ya matangani, na uniandikie nusu ya shamba, upande wenye nyumba. Maua nitakupa."

Muindi aliyameza, wazee wakitazama. Karatasi ikaandikwa.

Asubuhi aliyorudi Kalama, Kasyoka alichambua petali za maua ya dume aliyotoka nayo Mitaboni, akapaka chavua juu ya kila ua jike lililofunguka upande wake. Alipomaliza ndipo alipomwita Muindi, akamkabidhi mfuko uliojaa maua.

Muindi akauchungulia. "Sasa nayafanyia nini?"

"Nilikuahidi maua, shemeji. Mafunzo sikuahidi."

Akachukua jembe, akaenda kupalilia. Muindi alibaki katikati ya mipapai yake, mfuko mkononi, akimwita kwa jina. Kasyoka alimsikia vizuri sana. Aliendelea kulima.