Damu ya Mke na Damu ya Mume

Theodosia wa Bukiriro alikuwa amefanya kazi ya uuguzi msaidizi kambini kwa miaka kumi na moja, tangu wakimbizi walipoanza kumiminika Ngara. Kihangaza chake na Kirundi chao vinaelewana, hivyo kina mama wa Burundi walimweleza mambo bila mkalimani. Kufikia mwaka 2005 alikuwa amechoka, uchovu ule ambao usingizi hauuondoi.

Mwaka huo alikuja mtafiti, Daktari Shilinde, mtu mpole asiye na haraka. Alitaka damu ya wanawake waliowahi kupata kifafa cha mimba, ya waume zao, na ya waliojifungua salama. Theodosia akakabidhiwa orodha ya majina, akaanza kuzunguka kambi kwa miguu.

Wanawake walikubali. Waume ndio waliomsumbua. Havyarimana, fundi baiskeli, alimkatalia mara tatu. Mkewe Esperansia alikuwa amepoteza watoto wawili. Katika mimba ya pili alidondoka akitetemeka, akazinduka mtoto ameshazikwa. Mama mkwe alikuwa akisema wazi kwamba damu ya mwanamke huyo ni mbaya.

Mara ya nne Theodosia aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Aliyeugua ni yeye," Havyarimana akasema. "Damu yangu ya nini?"

"Watoto walikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Basi nusu yao ilitoka kwako. Mwilini mna chembe za ulinzi. Zina vipokezi, ni kama vidole vya kupapasia, vya kujua nani wa nyumbani na nani mgeni. Kila mtu amerithi vyake, havifanani. Mimba ikiingia, walinzi wa mama wanaipapasa ile nusu yako. Wakielewana nayo, wanaifungulia damu. Wasipoelewana, kondo la nyuma linakosa damu ya kutosha, na mama anapanda presha. Ndivyo daktari anavyodhani."

"Kwa hiyo kosa langu."

"Si lako, wala si lake. Ni mlivyokutana."

Havyarimana akakunja mkono wa shati, akamnyoshea mkono. Esperansia, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, hakuinua macho.

"Mwambie na mama yake," Esperansia alisema.

Theodosia akaenda kwa yule bibi, akasalimia shikamoo, akarudia maneno yale yale. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini Mungu aliacha watu wawe na walinzi wanaokataa wajukuu. Theodosia akalipeleka swali kwa daktari.

"Tunadhani walinzi wakali waliwavusha mababu kwenye malaria na maradhi mengine," Shilinde alisema. "Wanaofaa kwa ugonjwa huenda hawafai sana kwa uzazi, na wanaofaa kwa uzazi ni wazembe kwa ugonjwa. Ndiyo maana aina zote zimebaki, na Afrika ndiko ziliko nyingi zaidi."

"Na dawa?"

"Bado. Pima presha."

Akapima. Mwaka uliofuata Esperansia alishika mimba, na kila Jumatatu Theodosia alimfuata na kipimo. Mwezi wa nane wa mimba presha ilipanda. Gari likampeleka hospitali, akapasuliwa, akapata binti wa kilo moja na nusu. Bibi ndiye aliyembeba mtoto kifuani kwa wiki tano, ngozi kwa ngozi, bila kusema neno kuhusu damu ya mtu.

Kisha malori ya kurudi Burundi yakaanza kuondoka, na familia ile ikapanda. Majibu ya damu hayakuja kwa majina. Ilikuja barua moja ya shukrani kwa wote walioshiriki, wengi wao wakiwa wameshaondoka. Theodosia aliisoma mara moja, akaibandika kwenye ukuta wa zahanati.

Kambi ilipofungwa alirudi Bukiriro. Alilala siku mbili, kisha akaingia kwenye migomba kupalilia, polepole, akisimama kila mwisho wa mstari kuvuta pumzi.