Jina la Doudou kwenye Ukurasa wa Shukrani

Kwa miaka kumi na tisa ya uuguzi, Laure alisikia kikohozi kile kile: wavunja mawe wa machimbo ya Kakontwe, vifua vimejaa vumbi la chokaa. Akiwa na miaka arobaini na miwili alirudi masomoni, na kazi yake ya kumaliza masomo ikawa juu ya vumbi hilo. Diploma ingempa uongozi wa zahanati alikofanya kazi. Bila diploma, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Barthélemy, mtunza maktaba wa chuo, alimwonyesha hifadhidata ya makala za tiba, zile zinazokaguliwa na wataalamu kabla ya kutolewa. Akamwandikia orodha ya makala kumi na tano na namba ya siri ya kuzifungulia. Lakini zamu za zahanati hazikumpa Laure nafasi, akafanya kama wanafunzi wengi wa mji wa Likasi: alipeleka kila kitu kwa mchapaji, anayetafuta habari na kuchapa kazi kwa malipo. Huyo alikuwa Doudou, mwenye duka la kopi mtaa wa Kikula. Walikuwa wameimba pamoja katika kwaya ya parokia miaka kumi na mmoja.

"Hesabu zote utoe mu hizi makala," Laure alimwambia. "Usitoe pengine."

"Yaya Laure, weye enda ulale tu. Shi minye Doudou niko?" Alimwita yaya, yaani dada mkubwa, tangu siku za kwaya.

Kazi ilirudi na jalada la bluu. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema wavunja mawe sita kati ya kumi hupona kwa miezi mitatu. Laure alishangaa, maana mwaka uliopita alikuwa amezika wawili. Hata hivyo aliamini. Doudou alikuwa amesema amezifungua zote.

Siku ya kutetea kazi, alisoma shukrani kwa sauti kama ilivyo desturi: Mungu, mume wake Germain, kisha "ndugu Doudou, kwa uaminifu wake". Doudou, nyuma kabisa, alipiga makofi.

Ndipo Mwalimu Rosalie, mmoja wa watahini, alipofungua ukurasa wa thelathini na moja. Alitafuta chanzo cha hesabu ile katika simu yake, akainua kioo cha simu watu wote waone.

"Mama, hili ni tangazo la dawa ya kikohozi."

Mtu alicheka. Laure aligeuka. Kiti cha Doudou kilikuwa kitupu.

Watahini walimpa wiki tatu arekebishe kazi. Hata wakati huo alimtetea Doudou. Alimwambia Barthélemy huenda hifadhidata ndiyo iliyokosea. Barthélemy alimgeuzia kompyuta.

"Namba yako haijaingia humu, mama. Hata siku moja."

Alikwenda Kikula kwa miguu.

"Zile makala ni ndefu, yaya," Doudou alisema. "Kwa internet nilipata mu dakika mbili. Yote shi ni internet?"

"Uliniambia umezifungua."

"Ulikuwa na furaha. Ningekuambia namna gani?"

"Na ulipoona banacheka, ukatoka."

Doudou akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari. Laure alichukua daftari la maelezo alilokuwa amempa, akatoka.

Aliomba likizo, akakaa maktaba siku tisa, akasoma makala zote kumi na tano mwenyewe. Hakuna hata moja iliyosema wavunja mawe wanapona, naye akaandika hivyo.

Alipotetea kazi mara ya pili, Mwalimu Rosalie alisoma ukurasa wa thelathini na moja, akafunua unaofuata bila kuuliza kitu. Laure alifaulu. Barthélemy alikuwa amekuja kumsikiliza, amevaa koti la sikukuu. Lakini shukrani alizosoma Laure siku hiyo zilikuwa mistari miwili: Mungu, na Germain. Hata Barthélemy hakuthubutu kumwandika.