Mchanga Katikati ya Bahari

Nimeponea leo, watu wangu, lakini ngojeni.

Mimi na dadangu Mbula, watu wa Nunguni kule bara, tumeenda kuvua samaki na kayaki huku Mombasa. Mara ya kwanza!

Samaki hakuna.

Tukaona mchanga mkavu katikati ya bahari. Tukashuka, tukavua jaketi za kuelea, tukakula chapati. Kwetu mto ikikauka si inakaa hivyo mpaka mvua?

Wacha maji irudi!

Kayaki ikaenda na jaketi zetu. Maji ikafika kifua.

"Sijui kuogelea," Mbula akaniambia.

Kwani mimi najua?

Wavuvi waliokuwa wakipita na mashua walinitoa mimi kwanza. Mnajua hii mdomo yangu, nilipiga kelele sana.

Mbula alikuwa amenyamaza.

Ako hospitali, hajaamka. Mama bado hajui. Niambieni, nimwambie aje?