Mkia wa Sahihi

Shemeji yangu Hilario Zepeda alikuwa na desturi ya kufunga mlango, kwenda hatua tatu, kisha kurudi kuusukuma aone kama umefungika kweli. Alionja maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe kabla ya kuwapa watoto. Akisalimiwa njiani aliitikia vizuri, halafu akakaa kutwa nzima akijiuliza kwa nini kasalimiwa. Mimi ni Eulalia, mdogo wa mke wake Petronila. Nilihamia kwao La Mora nilipofiwa na mume, nikakaa mpaka nikazeeka. Ninayoyasema hapa mengi nimeyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona niliyachimba mpaka nikayapata, maana mimi pia si mtu wa kuambiwa jambo nusu nikalala usingizi.

Msimcheke lakini. Sisi Watejano, wazawa wa mto San Antonio tunaosema Kihispania, tulikuwa katikati ya mawe mawili ya kusagia. Kusini kulikuwa na serikali ya Meksiko, ambayo ilituona nusu wageni. Mashariki walikuwa wakija Waamerika na magari yao ya ng'ombe, nao walituona wageni kabisa, ingawa babu zetu walizikwa pale kabla wao hawajajua kama kuna mto. Mtu asiyeshuku miaka ile hakufika mbali.

Ranchi ya La Mora aliipata baba yake Hilario enzi za mfalme wa Hispania. Hakimu wa mji alikuja mwenyewe, akamshika mzee mkono, wakazunguka mpaka wote kwa miguu. Mzee aling'oa majani, akatupa mawe pande nne, akapiga kelele kwamba ardhi ni yake, na aliyekuwa na neno aseme. Hakuna aliyesema neno. Ndipo ikaandikwa hati, na hakimu akatia sahihi.

Sasa sahihi kwetu si jina. Jina anaweza kuliandika hata karani mlevi. Sahihi ni ule mkia chini ya jina, unaozunguka, unarudi, unajisokota kama mzabibu, na kila mtu ana wake aliouzoea tangu ujana. Jina bila mkia halina mwenyewe. Mkia wa hakimu yule ulikuwa mrefu kupita kiasi, ukashuka mpaka pembeni kabisa mwa karatasi. Hati hiyo Hilario alipoirithi hakuiacha kanisani, hakuiacha kwa hakimu, wala hakumwachia mke wake. Aliishona ndani ya kizibao chake cha ngozi, akatembea nayo.

Serikali ya Meksiko ilipofuta katiba na kututumia majeshi, Hilario alichukua bunduki akajiunga na waasi. Dada yangu alilia.

"Hao Waamerika unawapenda tangu lini?" akamuuliza.

"Siwapendi. Nawashuku. Lakini wale wa kusini sina haja ya kuwashuku, nimeshawajua."

Akaenda na hati yake kifuani. Siku ya mapigano makubwa, jemadari wa waasi aliona tatizo: jeshi lake karibu lote ni Waamerika, na vijana wetu, kwa sura na kwa lugha, hawana tofauti na adui. Ikatoka amri kila Mtejano achomeke kipande cha karatasi ngumu kwenye utepe wa kofia, asije akapigwa risasi na wenzake. Mwamerika mmoja, Amos Tuttle, ambaye alikuja kuwa jirani yetu, alileta karata zake za kuchezea akazigawa. Hilario alifika wa mwisho. Ilikuwa imebaki ghulamu wa shupaza, karata yenye picha ya kijana. Tuttle alikuwa anakizungumza Kihispania kama mtu anayetafuna changarawe.

"Chukua hii, Don Hilario. Nabaki moja tu."

"Kwa nini imebaki hiyo?"

"Sababu wengine nachukua zao!"

"Na hiyo hakuna aliyeitaka. Kwa nini hakuna aliyeitaka?"

"Wewe mtu," Tuttle akasema huku anacheka, "jua ikichomoza nauliza nani metuma."

Hilario hakucheka. Alikwisha kupiga hesabu yake kichwani: wote wana karata nyekundu na nyeusi za namba, yeye peke yake apewe yenye picha ya mtu? Hiyo ni alama ya kulengwa. Akageukia kando, akafumua mshono kifuani, akachomoa hati ikiwa imekunjwa, akachana kona ya chini aliyodhani ni tupu, akaichomeka kwenye kofia. Mapigano hayakuchukua hata saa moja na upande wake ukashinda. Alipotulia na kuikunjua hati ndipo akaona alichokifanya. Jina la hakimu lilikuwapo. Mkia wake ulikuwa kwenye kofia.

Mtu mwingine angeurudisha akaubandika kwa gundi. Hilario alifikiri vingine. Hati ikiibwa, mwizi atakuwa na jina bila mkia. Kofia ikiibwa, mwizi atakuwa na mkia bila jina. Aliona ni akili kubwa. Akauacha mkia ukae kwenye kofia miaka sita, na hakumwambia mtu yeyote, si padri wala mke. Watu walidhani ni kumbukumbu ya vita tu. Walimtania sokoni: "Don Hilario, vita vimekwisha, au bado kuku wako wanakulenga?" Alikuwa akiinamisha kichwa na kupita.

Kofia ile haikutoka kichwani isipokuwa Jumamosi, siku ya kwenda mtoni kuoga. Hakuthubutu kuiacha ukingoni. Alikuwa anakuja nayo jikoni kwangu, anaitundika msumarini mwenyewe, anasema, "Shemeji, nishikie." Wala hakurudi kutazama msumari. Nililiona hilo, nikajivuna nalo kimoyomoyo.

Jumamosi moja ya mwaka wa sita, jeshi la Meksiko likarudi bila kutarajiwa, likapita ranchi kwa ranchi likiwatafuta waliopigana upande wa waasi. Kwa jirani yetu wa juu walimkuta mtu na karata kwenye kofia yake, wakamfunga kamba. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga wa mahindi niliposikia farasi uani. Petronila alikuwa kanisani na watoto. Hilario alikuwa mtoni. Kofia ilikuwa msumarini, na kile kipande kimesimama pale kama bendera.

Nikakichomoa. Moto ulikuwa mbali na kivuli kilikuwa tayari mlangoni, basi nikakitia kwenye unga. Kilikuwa kimelainika kwa jasho la miaka sita, kikachanikachanika vidoleni. Niliona wino. Sikujua kusoma, na hata ningejua, saa ile nisingesoma.

Luteni aliyeingia alikuwa kijana wa adabu, na watu wa adabu ndio ninaowaogopa zaidi.

"Hodi, mama. Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Ameenda kuangalia ng'ombe, bwana. Karibu ule."

"Alipigana upande gani vita vile?"

"Yule? Anaogopa hata kumchinja jogoo."

Akaitungua kofia, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye utepe. "Hapa palikaa kitu. Rangi haikupigwa na jua."

"Unyoya wa bata mzinga, bwana. Nondo wameula."

Alinitazama sana. Mimi nikaendelea kupiga chapati kwa viganja. Nilimwekea tatu na maharage na pilipili. Akala.

"Chapati zako ngumu, mama."

"Mahindi ya mwaka jana, bwana. Tutafanyaje?"

Akashukuru, akapanda farasi, akaenda zake na mkia wa hati yetu tumboni.

Ningemwambia Hilario siku ileile, ningekuwa leo mtu mwingine. Lakini nilimjua. Angeniuliza luteni alikaa upande gani wa meza, na kwa nini ale kwetu asile kwa jirani, mpaka Pasaka. Mimi nilidhani ni kipande cha karata tu, na ule wino ni mchoro wake. Nikachukua karata zangu za zamani, nikakata kipande cha kadiri ileile chenye mguu wa ghulamu, nikakipaka mafuta na masizi, nikakichomeka nyuma mbele, picha ikatazama ndani. Hilario akarudi kutoka mtoni na nywele zimelowa, akaona nyayo za farasi uani, akavaa kofia yake.

"Waliuliza nini?"

"Waliuliza kama wewe ni mwoga. Nikawaambia ndiyo."

Aliridhika na jibu hilo.

Sasa sikilizeni akili za watu. Jeshi lilipoondoka, Waamerika wakaanza kunong'ona: mbona majirani wote walichukuliwa, Zepeda akaachwa? Lazima ni mpelelezi wao. Kutofungwa kwake kukawa ndiyo kosa lake. Haukupita mwaka, akaitwa mbele ya baraza la ardhi la serikali mpya ya Waamerika athibitishe kwamba La Mora ni yake, na tukasikia Amos Tuttle ameshaiandikisha kwa jina lake endapo itaonekana haina mwenyewe. Tukaenda mjini kwa gari la ng'ombe, Hilario na mimi, maana Petronila alikuwa mgonjwa. Njia nzima alikuwa mchangamfu. Sikuwahi kumwona hivyo, nikaanza kuogopa.

Barazani walikaa watu watatu, na mkalimani mmoja wa kwetu aliyejifanya hatujui. Tuttle alikuwa ameketi kando, kofia magotini.

"Mimi sina baya," akasema. "Karatasi yake nzima, mimi naenda nyumbani."

Hilario akaeleza jinsi baba yake alivyong'oa majani na kutupa mawe. Mkalimani akatafsiri, wakacheka. Mmoja akasema hata ng'ombe hung'oa majani. Akaitoa hati. Mwenyekiti akavaa miwani, akaikagua, akaishika juu dirishani.

"Hii imechanwa. Sahihi haijakamilika. Mwambie karatasi kama hizi tumeletewa nyingi, na zote zilikuwa za kughushi."

Hilario akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akavua kofia mbele ya watu wale, akaiweka mezani.

"Mwambie mkia wa sahihi uko hapa," akasema. "Niliuchana mwenyewe siku ya vita, niliyopigana upande wenu. Haujatoka kwenye kofia hii tangu siku hiyo. Auweke pale palipochanika, aone."

Hapo ndipo nilipojua nilimlisha nini luteni. Nikasogea mezani, nimechelewa. Hilario alichomoa kipande, akakigeuza, akakiweka kwenye hati kwa vidole viwili, kwa upole, kama anayemlaza mtoto. Mguu wa ghulamu. Ulivaa soksi nyekundu.

Waliangua kicheko mpaka mwenyekiti akavua miwani afute machozi. Hilario hakuwasikia. Alikuwa anamtazama Tuttle.

"Ulinipa karata nikaikataa," akasema polepole. "Umenisubiri miaka yote hii uniwekee."

Tuttle akashangaa kweli, au alijua kushangaa. Mpaka leo sijui. Baraza likaandika kwamba La Mora haina mwenyewe, tukapewa mwezi mmoja tuondoke. Hilario akatoka, akaenda garini, akachukua bunduki. Tuttle alikuwa kisimani ananywesha farasi wake, ametupa mgongo.

Nilimshika mkono. "Hilario, siye yeye."

"Niache, shemeji. Aliwahi kulala kwangu siku ya mvua. Kofia ilikuwa karibu naye."

"Siye yeye! Ukimuua watakutundika leo hii, na Petronila nitamwambia nini? Ni mimi. Mimi ndiye niliyekitoa."

Akageuka. Nikamwambia yote pale juani, unga, luteni, maharage, mafuta na masizi. Nilimwambia nilifanya hivyo asifungwe kamba. Nilikuwa nalia na sikuona haya. Aliinamisha bunduki taratibu.

"Alikula yote?"

"Yote."

"Akasemaje?"

"Alisema ni ngumu."

Tuttle akamaliza kunywesha farasi, akapita mbele yetu, akagusa ukingo wa kofia yake kwa heshima, akaenda zake akiwa hai, na mpaka kufa kwake hakujua.

"Watu wote nimewafungia mlango," Hilario akasema. "Wewe sikukufungia."

Hakunitukana. Hakumwambia hata dada yangu, ilibidi nimwambie mwenyewe. Siku ya kuondoka La Mora alifunga mlango, akaenda hatua tatu, nami nikasimama nikimngojea arudi kuusukuma. Hakurudi. Alipanda garini, akawaswaga ng'ombe.

Tulikwenda kukaa kwenye kibanda cha binamu yake upande wa pili wa mto, naye akaishi pale miaka kumi na minane zaidi, akifuga ng'ombe wa watu. Alinipa heshima yangu siku zote, akaniita shemeji, akala chapati zangu bila kusema ni ngumu au ni laini. Watu hudhani ranchi ndiyo iliyoniuma. Jikoni mwa kibanda kile nilipigilia msumari mpya karibu na mlango, siku ileile tuliyofika. Jumamosi akienda mtoni kuoga, alikwenda na kofia yake.